Nikirudi safari binti ananikimbia, kijana ananyamaza. Nimechelewa?

Swali

"Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 36, naishi Kibaha na familia yangu. Napeleka mizigo Zambia na Lubumbashi, narudi na shaba. Safari moja inakula wiki tatu, foleni ya mpakani ikikaa vibaya inafika mwezi na zaidi. Halafu nakaa nyumbani siku nne au tano. Nina kijana wa miaka 10 na binti wa miaka 3. Binti alizaliwa nikiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Nikiingia ndani anajificha nyuma ya mama yake, nikimbeba analia. Kijana ananiamkia na hapo ndiyo mwisho, nikikaa sebuleni yeye anahamia chumbani. Nawanunulia kila kitu, ada nalipa kwa wakati. Siku za nyumbani sehemu kubwa niko gereji na gari, jioni naenda kuangalia mpira na wenzangu. Juzi mke wangu kaniambia nimekuwa mgeni wa kulipa ada. Baba yangu naye alikuwa mtu wa kazi za mbali, tulimwona sikukuu hadi sikukuu, na mpaka anafariki sikuwahi kukaa naye tukazungumza. Je, niache kazi? Au nimeshachelewa?"

Jibu

Ndugu yangu, hujachelewa. Natanguliza hilo kwa sababu naona ndilo lililokusukuma kuandika, na kwa sababu akina baba wengi wanaoniletea swali kama lako huwa wameshajihukumu kabla hawajakaa kwenye kiti. Kuhusu kazi, kwa sasa usiiache. Nitafika huko.

Nianze na binti, maana hapo ndipo umeumia zaidi, ingawa kwa maoni yangu kijana ndiye wa kukimbiliwa kwanza.

Binti hakuchukii. Mtoto wa miaka 3 akimwona mtu asiye na mazoea naye, hurudi kwa yule aliye na mazoea naye. Maana yake ni kwamba ana mahali anapojisikia salama, na hilo mshukuru mama yake. Kwako wiki tatu ni safari moja. Kwake ni kipindi ambacho amejifunza maneno mapya, amebadili mchezo anaoupenda, ameacha kumwogopa paka wa jirani na ameanza kuogopa giza. Kisha anatokea mtu mkubwa anayemkumbuka kwa mbali, mwenye sauti nzito na harufu ya dizeli, anamnyanyua kabla hajajua kama anataka kunyanyuliwa. Na sisi watu wazima tunazidisha. Mama anamsukuma, "Nenda kwa baba, si ndiye ulikuwa unamuulizia?" Shangazi anacheka. Jirani anasema mtoto ana maringo. Analia, mnamlazimisha, na safari inayofuata akisikia geti linagongwa anakimbia mbali zaidi.

Safari hii ukirudi, wasalimie wote, msalimie na yeye kwa jina, kisha mwache. Oga. Kaa chini kwenye mkeka, siyo kwenye kochi, na ufanye kitu ambacho mtoto anaweza kukisogelea bila kukusogelea wewe: menya machungwa, au mtengenezee kaka yake kigari cha boksi. Usimkazie macho. Atachungulia, atasogea akiwa ameshika nguo ya mama, na baadaye ataleta kitu akuoneshe, pengine kiatu tu au kijiko. Kipokee, kitazame, sema neno juu yake, mrudishie. Akikuletea tena, fanya hivyo hivyo tena. Inaweza kuchukua saa chache, inaweza kuchukua siku mbili, na kila safari huenda ikapungua. Mwambie na mama yake asimsukume. Zawadi ulizobeba zitoe kesho yake, mazoea yakiwa yamerudi. Ukizitoa mlangoni atazoea kulikimbilia begi, na wewe utabaki pale pale.

Hili silisemi kwa hisia tu. Mwaka 1964 wanasaikolojia Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha utafiti wao wa Glasgow, Scotland, ambako waliwafuatilia watoto wachanga 60 kuona wanajenga mapenzi na nani. Wengi wakati huo waliamini mtoto humganda anayemlisha na kushinda naye. Walichokiona ni kwamba watoto waliwaganda zaidi watu waliokuwa wepesi kuwajibu: mtoto akitoa sauti, mtu anageuka, akichezea kitu, mtu anaingia mchezoni. Wapo waliomganda mtu aliyekuwa nao saa chache kwa siku kuliko aliyeshinda nao. Kufikia miezi 18, robo tatu ya watoto hao walikuwa wameshikamana na baba zao. Miaka kama kumi kabla ya hapo, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa akizitembelea familia za Waganda vijijini karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, aliona pia kwamba mtoto hamgandi mama peke yake. Alikuwa na baba, bibi, na wengine wa nyumbani aliowakimbilia.

Kwa hiyo kinachopimwa na binti yako ni hiki: nikimwita huyu mtu, anaitika? Saa anazokuwapo ni muhimu, nisikudanganye, na yapo malezi ambayo hayafanyiki kwa mbali hata ukijitahidi vipi. Lakini saa peke yake haziwezi kukusaidia. Nimeona akina baba wanaolala nyumbani kila siku ya Mungu na watoto wao wanawakwepa kuliko wa kwako anavyokukwepa.

Hapo ndipo inabidi nikuambie neno ambalo halitakufurahisha. Barua yako imeilaumu sana barabara. Mimi macho yangu yamebaki kwenye zile siku nne. Asubuhi gereji, jioni mpira. Najua gari lazima lihudumiwe na tajiri hataki kusikia habari za mkeka na machungwa. Lakini binti yako haijui foleni ya Tunduma wala ya Kasumbalesa. Anachokijua ni kwamba baba yuko Kibaha na bado hayupo. Siku ambazo hukuwapo hazihesabu vibaya kama zile ulizokuwapo ukampita.

Kwa hiyo zile siku nne zipange kabla hujafika, hata ukiwa Makambako. Siku ya kwanza ni ya kulala, na usione aibu. Mtu aliyetoka kuendesha lori usiku na mchana akijilazimisha kucheza ataishia kuwafokea. Waambie watoto waziwazi, "Baba analala mpaka saa kumi, saa kumi naamka tunakuwa pamoja." Na saa kumi uamke. Siku zilizobaki, chukua kazi mbili za mtoto ziwe zako kabisa. Sizungumzii kuwapeleka mahali kula chipsi na kupanda bembea. Hayo ni mazuri, wafanyie ukiweza. Nazungumzia kumwogesha binti jioni. Kumlisha uji. Kumpeleka chekechea kwa mguu na kumfuata. Kumlaza. Kazi zinazojirudia kila siku, ambazo ndani yake mtoto anakuuliza maswali ishirini na unamjibu yote ishirini. Mazoea ya mtoto na mtu mzima hujengeka humo zaidi kuliko kwenye matembezi.

Ukimwogesha binti usishangae ukisikia mtu akisema hiyo siyo kazi ya mwanaume wa Kiafrika. Nitakupa mfano wa hapa hapa nchini. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, wawindaji na wakusanyaji, na Wadatoga, wafugaji, jirani kwa jirani. Baba wa Kihadza hubeba mtoto, hulala naye, hucheza naye. Kwa Wadatoga kulea mtoto mdogo huhesabiwa kuwa shughuli ya wanawake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na Martin Muller, ulipima testosteroni, homoni ya kiume, kwa wanaume wa pande zote mbili. Kwa Wahadza, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuonekana tofauti hiyo. Miaka miwili baadaye, Cebu nchini Ufilipino, Lee Gettler na wenzake waliwafuatilia vijana wa kiume zaidi ya 600 na kuona kiwango hicho kikishuka wanapokuwa baba, na kilikuwa chini zaidi kwa wale waliotumia saa nyingi za siku kuwahudumia watoto wao. Si ugonjwa, na hakuna uanaume unaopotea. Ninachokiona mimi humo ni kwamba mwili wa mwanaume nao umeumbwa uweze kulea. Na baba wa Kihadza ni Mwafrika kama wewe.

Sasa tuje kwa kijana.

Mtoto wa miaka 10 anayeamkia na kuondoka siyo mtoto mwenye heshima iliyopitiliza. Anajikinga. Jiulize ukifika nyumbani mazungumzo yenu ya kwanza huwa nini. Nikikisia kutokana na familia nyingi ninazokutana nazo, ni ripoti. Mama amechoka wiki tatu peke yake, kila kosa alilifungia kwa maneno "subiri baba yako aje," na baba anapokanyaga sebuleni mafaili yanafunguliwa: amepoteza sweta, ameshuka nafasi darasani, amemjibu bibi vibaya. Wewe, mwenye hatia ya kutokuwapo, unataka kuonesha kwamba bado ni baba wa nyumba hii, basi unapaza sauti, au unavua mkanda. Kwa mtoto, kurudi kwako ndiyo siku ya kesi. Nani angebaki sebuleni?

Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009. Karibu robo tatu ya waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wetu tumekulia humo na tunasema mbona tumekuwa watu. Tumekuwa, ndiyo. Na wengi wetu hatukuwahi kukaa na baba zetu tukazungumza, kama ulivyoandika mwenyewe. Sijui kama wewe unamchapa kijana wako, hukusema. Kama unamchapa, acha. Fimbo ya mtu anayeonekana siku nne kwa mwezi haimfundishi mtoto kosa lake. Inamfundisha tu tarehe ya kuogopa.

Zungumza na mke wako kosa la Jumanne limalizwe Jumanne, na yeye, kwa namna mliyokubaliana. Likiwa zito akupigie simu, mliamue pamoja siku hiyo hiyo, na ukirudi lisifufuliwe. Siku ya kwanza ya kurudi kusiwe na kesi yoyote. Mtoto akishaona safari mbili tatu umerudi bila kufungua faili, ataanza kukaa.

Kuzungumza naye usianze na maswali ya uso kwa uso. "Shule inaendaje?" humpati. Mvulana wa umri huo hufunguka mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Ile gereji iliyokuwa ikikuibia siku zako, mpeleke huko Jumamosi. Akushikie spana, apime upepo wa tairi, afundishwe kwa nini grisi inawekwa pale na siyo pale. Usimgeuze utingo na usimkaripie akidondosha kitu. Msimulie kazi yako ilivyo, hata sehemu inayokuogopesha. Watoto wa madereva wengi niliozungumza nao hawajui baba zao wanafanya nini hasa. Wanajua "yuko safari". Na ule mpira wa jioni, angalia naye mechi moja. Atakuambia kipa ni mzembe, utamuuliza kwa nini, na huo ndio mlango.

Kisha umwambie jambo moja, mkiwa wawili, kwa maneno mafupi: kwamba umeona hamzungumzi, kwamba hilo siyo kosa lake, na kwamba unataka kumjua. Usitegemee ajibu. Anaweza kusema "sawa baba" akaendelea na yake. Usikasirike. Atakupima kwa safari kadhaa kuona kama ulimaanisha, na ana haki ya kukupima. Ninasema yeye ndiye wa kukimbiliwa kwanza kwa sababu hii: binti mna miaka mbele yenu, ila kijana miaka miwili mitatu ijayo atakuwa anaanza kubalehe na marafiki watakuwa na neno kubwa kuliko lako. Anayezungumza na baba yake akiwa na miaka 10 ana nafasi nzuri ya kuendelea kuzungumza naye akiwa na 15. Kuanzia sifuri akiwa na 15 inawezekana, lakini ni kazi nzito mara nyingi zaidi.

Na zile wiki tatu? Hapo kuna mengi unayoweza kufanya kuliko unavyodhani, na karibu yote ni ya bei ndogo.

La kwanza, acha kuondoka kwa kunyemelea. Madereva wengi huondoka mtoto akiwa amelala ili asilie. Kilio unakikwepa, lakini mtoto anaamka na kukuta mtu ametoweka, na anajifunza kwamba wakati wowote akifumba macho unaweza kupotea. Kama unaingia yadi saa tisa usiku, muage jioni. Mwambie unaenda, mwambie utarudi, mwache alie mikononi mwako. Kilio cha kuagana hakimdhuru mtoto aliyeshikwa.

La pili, usiahidi tarehe. Wewe mwenyewe hujui Kasumbalesa itakushika siku ngapi, na kila tarehe inayopita bila wewe inakula imani. Ahidi kile kilicho mikononi mwako. Kaa na watoto kabla hujaondoka, mchore barabara kwenye karatasi ndefu, mbandike ukutani: Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, Tunduma, halafu Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Kasumbalesa, Lubumbashi. Kizibo cha soda ndiyo gari lako. Kila jioni unatuma ujumbe umefika wapi, kijana anasogeza kizibo, binti anaangalia. Foleni ikikukwamisha, kizibo kinasimama na wanaona kwamba kimesimama. Ukigeuza, kinaanza kurudi. Mtoto wa miaka 3 hajui maana ya wiki tatu hata umweleze mara mia, lakini anaweza kuona kwamba baba alikuwa kule mwisho na sasa yuko Iringa. Kijana naye anapata kazi ya maana nyumbani: yeye ndiye anayejua baba alipo.

Simu ya binti iwe fupi. Dakika tatu zinamtosha, na usimhoji. "Umekula? Umeshiba? Unasoma vizuri?" Hayo ni maswali ya mtu asiye na la kusema. Mwambie ulichokiona: umepita Mikumi na twiga alikuwa anavuka barabara, umepita ile mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, Kitonga kulikuwa na ukungu mpaka taa za gari la mbele hazionekani. Kisha nyamaza umsikilize, hata kama anachokuambia ni kwamba kuku ametaga. Ukiwa sehemu isiyo na mtandao, rekodi ujumbe wa sauti usiku, hadithi fupi ile ile kila mara au wimbo wa kumlaza, uutume ukipata mtandao. Watoto wadogo hupenda kusikia kitu kile kile mara nyingi. Simu ya video ni nzuri zaidi kwake kwa sababu anauona uso. Weka fedha ya bando la mama kwenye hesabu ya safari, kabla ya posho yako nyingine. Na usipige wala kurekodi gari likiwa linatembea. Egesha. Watoto wanamhitaji baba aliye hai.

Kwa kijana, shika kitu kimoja cha shule kiwe chako. Tuseme hisabati. Kila Ijumaa apige picha kurasa za daftari akutumie, nawe umjibu juu ya zile hesabu zenyewe, siyo juu ya alama. Mpigie mwalimu wake wa darasa wewe mwenyewe mara moja kwa muhula. Walimu wamezoea kumwona mama tu, na mtoto atajua. Jipime kwa mambo madogo: rafiki yake mkubwa anaitwa nani? Anaogopa nini? Alicheka nini wiki iliyopita? Baba anayejua hayo yuko karibu hata akiwa Ndola.

Mke wako nimemwacha nyuma kwa makusudi, maana neno lake ndilo sahihi kuliko yote yaliyo kwenye barua yako. Aliposema mgeni wa kulipa ada, hakuidharau ada. Alikuambia amechoka kuwa wazazi wawili. Nyumba hiyo ina utaratibu wake aliousimamisha peke yake: saa za kulala, nani anaosha vyombo, televisheni inazimwa lini. Ukirudi usiupindue. Baba anayerudi na kuruhusu kila kitu ili apendwe anamharibia mama sawasawa na anayerudi kubadilisha kila kitu ili aogopwe. Muulize yeye kwanza mambo yakoje sasa hivi, ufuate, na kama kuna usilokubaliana nalo mlizungumze watoto wakiwa wamelala. Halafu mpe siku moja kati ya zile nne ya kutoka, aende kwa dada yake, kanisani au msikitini, saluni, popote, na wewe ubaki na watoto wote wawili peke yako. Ni mapumziko yake, na kwako ni shule ambayo hakuna mtu atakayekufundisha kwa maneno.

Nitaligusa jambo moja ambalo hukuliuliza, kwa ufupi, kwa sababu barabara hiyo naifahamu. Kama kuna nyumba nyingine inayokula fedha na simu zako huko mpakani, hakuna ushauri wangu hata mmoja utakaofanya kazi. Kama haipo, samahani, endelea kusoma.

Sasa kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inaweka chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, na haki ya kucheza na kupumzika, vyote kwa pamoja. Wewe nusu ya orodha hiyo unaibeba vizuri, na mtu asikuambie ni jambo dogo. Ukiacha kazi kesho kwa uchungu, bila pa kushika, utakuwa nyumbani kila siku ukiwa na hasira na madeni, na watoto watamjua baba ambaye usingependa wamjue. Tena siyo kosa lote ni lako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 3 za malipo kwa baba aliyepata mtoto, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, waliweka wiki mbili. Binti anazaliwa uko Kasumbalesa, siku hizo 3 zingekusaidia nini? Kazi zetu nyingi zimepangwa kana kwamba mwanaume hana mtoto. Ninaamini hilo lazima libadilike, na waajiri wanaosoma hapa nawasihi walitazame.

Lakini usibaki kwenye barabara hii kwa miaka 15 kwa sababu tu hukuwahi kukaa na mkeo mkaweka hesabu. Kaeni safari hii. Ni kiasi gani kinahitajika kwa mwezi, kwa ukweli, bila ujenzi wa fahari? Zipo kazi za dereva mwenye uzoefu kama wako ambazo hulala nyumbani siku nyingi zaidi: makontena kati ya bandarini na bandari kavu, na Kwala haiko mbali na kwenu, mizigo ya Morogoro na Dodoma, kufundisha madereva wapya. Zinalipa pungufu, najua. Wekeni mwaka wa kuhama, muanze kuupunguzia mzigo mapema. Ningependa uwe umekaribia nyumbani kijana anapoingia sekondari. Hayo ni maoni yangu tu, ninyi mnaijua mifuko yenu.

Kuhusu marehemu baba yako, sitaki umhukumu. Huenda naye alikaa pembeni ya reli au porini akijiuliza hayo hayo, na hapakuwa na simu wala mtu wa kumuuliza. Ila yale uliyotamani akufanyie unayakumbuka vizuri kuliko unavyokiri. Yaandike. Utakuta mengi yanawezekana kwa siku nne.

Mtazame kijana kwa makini kwa miezi michache ijayo. Ukimya wake ukiwa pamoja na kukojoa kitandani ambako hakukuwapo, kukosa usingizi, kuporomoka ghafla shuleni, kujiumiza, au kumwogopa mtu fulani kuliko kawaida, basi jambo limepita kutokuwapo kwako na lisisubiri safari irudi. Mama yake amwone afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, au apige 116, namba ya huduma kwa mtoto. Hupigwa bure, na mzazi naye anaruhusiwa kupiga.